Milisekunde za Mama

Televisheni yetu pale Maisaka ilipoungua, nilichomeka kidude cha antena kwenye kompyuta yangu ili Mama asikose ibada ya Jumapili asubuhi. Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Alisema ni miguu. Tangu nipate akili nimemjua kama mwimbaji wa kwaya ya akina mama, na sasa alikuwa anaimbia kwenye kochi, akiwafuata wanakwaya wa kwenye kioo.

Shida ni kwamba sauti ilitangulia picha. Ngoma inalia, fimbo ya mpigaji bado iko hewani. Kitu kama hicho kinanipandisha hasira, siwezi kukaa. Mama hakulalamika hata siku moja, ila alikuwa nyuma ya kila wimbo, nami nikailaumu kompyuta.

Jirani alishaniambia kwamba siku hizi mama yangu anaringa, haitikii shikamoo mpaka umzunguke umsimamie usoni. Nilimjibu vibaya huyo jirani.

Jumapili ile niliamua kumaliza kazi. Kwenye programu kuna mahali pa kuichelewesha sauti, milisekunde hamsini hamsini. Nikawa nabonyeza huku nikiikodolea macho ile fimbo. Kila nikibonyeza nauliza, "Mama, hapo vipi?" Anatazama mdomo wangu, anasema, "Hapo sawa." Hata pale nilipoharibu zaidi, ikawa sawa.

Hatimaye fimbo na mlio vikakutana. Nilifurahi kama mtoto. Kisha kwaya ikasimama, na Mama akaingia kwenye ubeti akiwa amechelewa silabi nzima.

"Mama jamani, si nimeshatengeneza! Mbona unabaki nyuma?"

Hakugeuka. Kwa hasira nikabonyeza kitufe kisicho chenyewe, sauti ikakatika kabisa. Chumba kizima kikabaki na sauti yake peke yake, na mlio wa kuku wa uani.

Aliendelea kuimba. Hakupepesa jicho. Alikuwa ameinama mbele, macho kwenye midomo ya wale wanawake, na kila ikifunguka, anasubiri kidogo, anatoa neno. Alimaliza ubeti, akaingia kiitikio, akapunguza sauti mahali ambapo kwaya yake hupunguza.

Nilikaa chini. Nikakumbuka mara zote nilizomfokea kwa kutonijibu, nikajichukia. Miguu haikuwa na tatizo lolote. Alikuwa anatoka kila asubuhi kwenda kupalilia mahindi shambani kule Singe na kurudi kwa miguu, na mimi nilikuwa naona.

"Mama," nikamwita kwa nyuma, polepole. Nikaita tena kwa nguvu. Akaimba.

Wimbo ulipokwisha ndipo akageuka, akaniona ninavyofuta macho. Akaitazama kompyuta, kisha mimi.

"Imekushinda?" akauliza. "Basi iache, mwanangu. Mimi naisikia hivyohivyo."