Kazi Iliyomfaa Melkiori

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya masika ambayo naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Mvua ilikuwa inanyesha kijiji chetu chote cha Mwese, ile mvua ya milimani isiyo na haraka, na mdogo wangu Melkiori alikuwa amesimama katikati ya kitalu cha miche ya kahawa, shati limemganda mwilini, anamwagilia miche kwa keni. Watu waliojikinga chini ya paa la ghala walikuwa wanacheka. Yeye hakugeuka. Alimaliza tuta moja, akaenda kuchota maji, akarudi kuanza lingine.

Nitakueleza tulifikaje pale, maana juzi ulikuja hapa kwangu macho mekundu, ukaniambia Baraka wako anakaribia kumaliza darasa la saba na bado kuandika jina lake ni shida, na mumeo kila siku anauliza mtoto huyu atakula nini sisi tukiondoka. Swali hilo nalijua. Liliishi nyumbani kwetu miaka mingi.

Melkiori alizaliwa baada yangu. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na alipoanza kusema maneno yake yalikuwa machache, Kirundi cha nyumbani na Kiswahili vimechanganyika. Darasa la kwanza alikaa mpaka miguu ikawa haienei chini ya dawati. Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwenyewe nyumbani akamwambia baba kwamba mtoto ana adabu, hagombani na mtu, ila analofundishwa leo kesho halipo. Baba akamshukuru, akamtoa shule. Kijijini walimpa majina ambayo sitayarudia mbele yako.

Basi tukaanza kumtafutia kazi. Alipewa mbuzi achunge. Aliwapenda sana, lakini mmoja akijitenga yeye anamfuata huyo huyo, na wengine wote wanaingia kwenye maharage ya watu. Akapelekwa Mpanda mjini kwa ndugu yetu mwenye mgahawa, awe anaosha vyombo. Kuosha aliweza. Kilichomshinda ni kuitwa huku na huku kwa wakati mmoja: lete maji, futa meza, kimbia dukani. Ikifika hapo alikuwa anashika kichwa na kukaa chini. Ndugu akamrudisha na lori la mahindi. Aliposhuka hakumsalimia mtu, na ugali aliowekewa na mama aliuangalia tu. Kila safari alirudi amenyamaza zaidi ya alivyoondoka. Hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko kazi yenyewe.

Wakati huo baba alikuwa ameanza kuugua kifua. Akaja mtu mmoja anakusanya vijana wa kwenda kulima tumbaku mbali na kwetu. Alimwangalia Melkiori mabega, akamzunguka, akasema huyu namchukua. Baba akauliza habari ya mshahara.

"Huyu mshahara wa nini, mzee? Atakula, atalala. Na nyie mtapumzika."

Baba hakukubali, lakini hakukataa pia. Alisema ampe muda afikirie. Mama aliingia ndani akafunga mlango.

Jirani yetu Mama Odilia alikuwepo siku hiyo, amekuja kumjulia baba hali. Alikuwa mjane, amemzidi baba umri, na ndiye aliyesimamia kitalu cha kikundi cha wakulima wa kahawa. Alisubiri yule mtu aondoke.

"Baba Agnesi," akamwita baba kwa jina langu, "unamtafutia mtoto kazi, au unamtafutia mahali pa kumficha?"

Baba aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona mtu akimwambia baba neno kama lile. "Dada, nikifa mimi nani atamlisha?"

"Nimekuelewa. Lakini yule bwana hata jina lake hakuliuliza. Niachie mimi msimu mmoja. Nitamlipa kama ninavyowalipa wenzake. Akishindwa nitamrudisha mwenyewe, nimemshika mkono. Ila sitasema kashindwa yeye mpaka nijue kwanza nimemfundisha namna gani."

Baba akakubali. Mimi nilikuwa kibarua pale pale kitaluni, kwa hiyo niliyaona yote. Siku za mwanzo Mama Odilia hakumpa Melkiori kazi yoyote. Alimwacha atembee, akae, aangalie. Melkiori akavutwa na wanawake waliokuwa wanajaza viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche. Akachuchumaa karibu nao. Alipopewa vyake alishindilia udongo kwa nguvu zake zote mpaka viriba vikapasuka. Mama Odilia akakaa nyuma yake, akaweka mikono juu ya mikono yake, wakajaza pamoja polepole, kiriba baada ya kiriba, mpaka mikono ikazoea. Nilipotaka kumsaidia mdogo wangu ili amalize upesi, Mama Odilia alinikataza. "Mwonyeshe, Agnesi, halafu kaa kando. Ukimfanyia utamnyang'anya kazi yake."

Alipozoea kujaza akaongezewa kumwagilia. Ndipo ikaja ile asubuhi ya mvua.

Mmoja wa waliokuwa wanacheka akamwambia Mama Odilia, "Mama, miche ya watu itaoza hii. Mrudishe kwao, umeshajaribu vya kutosha." Niliogopa, kwa sababu nilijua kwao ni wapi na baada ya kwao ni wapi. Yule mtu wa tumbaku alikuwa ameshapita tena kumuulizia.

Mama Odilia akatoka mvuani bila kujifunika. Akashika keni.

"Melkiori, nani kakuambia umwagilie?"

"Wewe. Kila asubuhi."

Akageukia kwenye ghala. "Mmesikia. Nilimwambia kila asubuhi, habari ya mvua sikumwambia. Nyie mlijua wenyewe. Yeye anahitaji kuambiwa, na kumwambia ni kazi yangu." Halafu akakifungua kiganja cha Melkiori, akakielekeza juu, maji yakawa yanaanguka ndani. "Ukiona hivi, keni inakaa ghalani. Sema."

"Keni inakaa ghalani."

Walirudia hivyo mara nyingi, wote wawili wameloa. Waliokuwa wanacheka waliacha. Yule aliyesema arudishwe akamletea gunia ajifunike. Tangu hapo Melkiori akifika kazini hunyoosha kwanza kiganja, hata kiangazi hakuna wingu. Wenzake walikuwa wanamtania kwa hilo, naye alikuwa anacheka. Mama alipomsikia anacheka alikaa chini akalia.

Msimu ule ukazaa mwingine. Sitaki kukudanganya, mwanangu, kwamba aligeuka mtu mwingine. Kuhesabu miche ya wateja hakuwahi kuweza. Siku nyingine alichanganya mambo, siku nyingine alichoka akakaa. Lakini alijaza viriba, alibeba udongo, alimwagilia, na jioni alirudi nyumbani na njaa ya mtu aliyefanya kazi.

Na kwa jambo moja zaidi namshukuru yule mama. Alipoanza kuzeeka hakumwacha Melkiori hivi hivi. Msimamizi aliyempokea kazi alikuwa binti mdogo, na Mama Odilia alimtaka afanye kazi bega kwa bega na Melkiori kwa muda mrefu, ajue anavyoambiwa na anavyokasirika na anavyotulia. Ndiyo maana alipofariki, kazi ya mdogo wangu haikufa naye.

Baba naye aliondoka kabla ya Mama Odilia. Karibu na mwisho wake Melkiori aliingia chumbani miguu ina udongo, akasimama kando ya kitanda. Baba akamuuliza, "Unatoka wapi?"

"Kazini."

Baba akalirudia neno lile, "Kazini," kama mtu anayeonja kitu kitamu. Kesho yake akatuma Mama Odilia aitwe. Sauti haikutoka vizuri, lakini nilimsikia: "Dada, umenipa usingizi."

Leo Melkiori ana mvi. Ana chumba chake jirani na changu, na vijana wa bodaboda wakipita wanampigia honi na kumwita mzee wa miche. Kila nikimwona anafunga kamba za viatu asubuhi namshukuru Mungu.

Basi nisikilize kuhusu Baraka. Usianze kwa kuuliza kazi zipo zipi. Anza na yeye: anapenda kukaa wapi, mikono yake inatulia akishika nini, kelele zinamfanya nini. Mtafutie kazi ambayo mwanzo wake na mwisho wake anauona kwa macho. Agizo liwe moja, likishika lije lingine, na akikosea jiulizeni kwanza mlimwambia nini. Asifanye kazi kwa chakula tu, mwanangu. Mtu anayekwambia mtoto wako hahitaji malipo, huyo amemwona mabega peke yake. Tafuta mtu mwenye subira wa kuwa karibu naye, na mapema sana tafuta wa pili, kwa sababu wa kwanza naye ni binadamu. Na usisubiri awe na kipaji cha ajabu ndipo umheshimu. Mdogo wangu hakuwa nacho. Alikuwa na kazi, na watu waliomngoja afike.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kumwona mwanao jinsi alivyo. Ampe Baraka mikono yenye nguvu na watu wema wa kumzunguka, na wewe na mumeo awape uzee wenye amani. Nenda salama, mama.