Semina ya Dada wa Mitambo

Dada wa mitambo katika ofisi yetu ya Lodwar haamini tangazo la simu. Akiandaa semina ya mtandaoni, hupanda pikipiki na kwenda ofisi kwa ofisi, duka kwa duka, mpaka Kakuma, hukushika mkono, na hauachilii hadi ukubali. "Ejok, hamjambo? Hiki kifaa chenu cha lango la mtandao kimezeeka," husema kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi walio mbali. "Ni boma bila mlango, kila fisi anaingia. Alhamisi nitawafundisha kukibadilisha. Usikose!"

Alhamisi ikafika. Alikaa mbele ya kompyuta, na skrini ikaonyesha uso wake peke yake. Akafungua leso kichwani, akaifunga tena. Mara mlango ukafunguliwa: Lokuruka wa duka la dawa na kigoda chake, nyuma yake makarani wa zile ofisi alizozizungukia Dada, kisha Ebyan, mwenye maduka ya jumla, aliyetoka Kakuma alfajiri.

"Jamani, nilisema mtandaoni! Si mngebaki kwenu?"

"Wewe ulinifuata mpaka dukani," Ebyan akasema, akimshika mkono, "halafu mimi nikujibu kwa simu?"

Dada akacheka hadi machozi, akawageuzia wageni kompyuta kwa mkono mmoja, maana ule mwingine haukuachiliwa.