Chumvi ya Riziki

Juzi daktari alituambia tusimnyime mjukuu wangu chumvi. Figo zake huimwaga yote kwenye mkojo, alisema, na maradhi yenyewe hurithiwa katika ukoo. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, na harufu ya ubani ikanijia puani.

Ilikuwa alasiri, nikiwa bado mtoto, nyumbani kwetu Likoni. Dada yangu Riziki alikuwa amelala mkekani, miguu haina nguvu, vidole vimekakamaa. Alizoea kulamba chumvi ya mawe kama sisi tulivyolamba sukari. Bibi alisema amemuudhi pepo wake, kwani pepo hali chumvi. Basi kwa siku tatu alilishwa wali usiotiwa chumvi, na chetezo cha ubani kikifuka kando yake.

"Nakwenda kuswali," bibi aliniambia. "Mchunge asionje hata chembe. Umesikia?"

"Abee, bibi."

Alipotoka tu, Riziki alitoa kibonge cha chumvi chini ya mto.

"Mdogo wangu, wallahi nalamba mara moja tu."

Niliamini ni pepo anayenibembeleza kwa sauti ya dada yangu. Nikamfumbua vidole kimoja kimoja, nikakichukua kile kibonge, nikakitupa dirishani. Hakulia. Alinitazama tu.

Bibi aliporudi alinisifu mbele ya watu. Adhana ya magharibi ilitukuta Riziki ameshatutoka.

Siku hizi namwekea mjukuu wangu kibakuli cha chumvi kando ya sahani. Akianza kulamba vidole, mimi huangalia pengine.