Kadi ya Hoteli Nyeupe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiitaja mwili unanisisimka. Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado, nami msichana wa Mlandege hapa Iringa, nampigia pasi mjane mmoja wa Kijerumani. Nilikuwa na ugonjwa wa kadi. Zile kadi za posta za zamani zenye picha za miji ya ufukweni: mnara wa taa, hoteli ya ghorofa, daraja refu linaloishia baharini. Nilimwomba yule mjane, nikawaomba masista, nikamsumbua mwenye duka mpaka akiniona anafunga mlango. Bahari yenyewe sikuwahi kuiona! Lakini ukuta wangu ulijaa bahari, na asiyezisifia kadi zangu simpi chai.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya pwani yetu, ya enzi za Wajerumani: hoteli nyeupe yenye matao. Hiyo niliilaza ndani ya Biblia isikunjike.

Basi bibi yangu mzaa mama akaja kutoka kijijini kutibiwa goti. Nikamwambia, "Bibi, njoo nikutembeze pwani," nikampa ile kadi. Akaipeleka mlangoni penye mwanga. Mimi huku nabwabwaja habari za matao na madirisha. Mara nikamwona ameketi sakafuni, pu!

"Bibi, vipi? Goti?"

"Huyu ni Mgaya," akasema. "Kaka yangu."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikainama kutazama. Chini ya hoteli, mwanangu, palikuwa na wanaume waliofungwa mnyororo shingoni, wamebeba mawe. Haki ya Mungu, sikuwa nimewaona! Wa mwisho alikuwa na mkono wa kushoto uliopinda.

"Aliuvunja akichunga ng'ombe," Bibi akasema. "Wajerumani walimchukua na vijana wenzake. Mama yetu alikufa akiangalia njia." Kisha akanigeukia. "Unayo tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Bibi."

"Umekaa na babu yako ndani ya nyumba tangu mwaka jana, na hukumsalimia?"

"Nilikuwa naangalia hoteli, Bibi."

Jibu gani hilo! Nililisikia likinitoka mdomoni, nikatamani ardhi inimeze.

Hakunigombeza tena. Aliinua kadi usawa wa uso wake, akasema taratibu, kwa Kihehe chetu, "Kamwene, Mgaya." Akangoja, kama mtu anayengoja kuitikiwa salamu. Ndipo akalia, kilio kilichowaleta majirani mbio. Kesho yake aliondoka na kadi, na kule kijijini wakamkalia Mgaya matanga. Miaka yote hawakuthubutu kumlilia, wasije wakamtakia kifo. Sasa walau walijua alikopelekwa.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kupenda vitu vizuri. Kusanya, bandika, jidai navyo. Lakini ukipewa picha ya jumba, au ukisimama mbele ya jumba lenyewe, anza na watu. Tafuta aliyebeba mawe, mtazame usoni, msalimie hata kama humjui, maana huenda ni wa kwenu. Mungu akupe macho ya kuona watu, mwanangu, na popote dunia itakapokupeleka, asikosekane wa kukutambua.