Jora la Juu Dukani kwa Bwana Khalfan

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio kabla hatujajua la kuyafanyia, akatusikilizisha kwayo Kitabu Chake, na akaturuzuku na mengine madogo madogo ya kutuliwaza njiani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na aali zake na sahaba zake.

Enzi zetu, muziki wa dukani haukutoka darini. Nnalisema hili mapema kwa ajili ya wajukuu zangu, ambao wanadhani kila jengo huzaliwa likiimba. Wiki iliyopita nilikwenda na mjukuu wangu Thuraya kwenye maduka makubwa ya Bausher, hapa Oman. Tangu mlangoni mpaka kwenye zile ngazi zinazopanda zenyewe, kulikuwa na mtu anatuimbia.

Nikamuuliza, "Nani huyo anaimba?"

"Nani, Bibi? Wapi?"

"Huko juu."

Thuraya akachomoa kidude kimoja sikioni, akasikiliza kidogo. "Aa, hiyo si nyimbo, Bibi. Hiyo ya dukani tu." Akakirudisha kidude mahala pake, akaendelea na safari.

Ya dukani tu! Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Nyinyi wa rika langu mliolelewa Muttrah mtanielewa.

Tuliingia Muttrah mwaka 1964, mimi nna miaka saba, tukitokea Unguja: Baba, Mama, mimi, na sanduku moja kubwa la njumu za shaba. Yaliyotutoa huko, mwaka ule wa Mapinduzi, kila mmoja wetu anayajua, na waliobaki chini ya udongo wake Mungu awarehemu. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na watu wote wakimwita Maalim, hata Mama. Tulipopata nyumba ya kupanga alitandika mkeka chumba cha mbele, na baada ya siku chache watoto wa mtaa wakaanza kuja na juzuu zao. Kazi ya Baba ilihama naye bila ya taabu, maana Alif ni Alif popote.

Ya Mama haikuhama. Kule Unguja yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kwenye maulidi ya wanawake na kwenye harusi. Akianza yeye, aliyekuwa anapakua pilau huacha upawa sufuriani. Lakini tangu tulipopanda meli hakuimba tena, si kwa sauti wala kwa kuvumisha puani. Nikimwomba aniimbie wakati ananisuka, hunambia, "Nikitulia, mwanangu, nitaimba." Nami husubiri mpaka mwisho wa msuko, nione kama ameshatulia.

Sanduku nalo hakulifungua. Vikombe vya kahawa, sahani ya hina, kanga zake za harusi, vyote vilibaki mle, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Tulikunywa kahawa kwa vikombe vya kuazima, kila kimoja na rangi yake. Baba akimwambia, "Lifungue basi, tunywe kwa vyetu," yeye hujibu, "Ya nini kufungua kitu cha kufunga tena?" Baba huvuta tasbihi. Mimi kwa akili yangu ya kitoto niliamini kwamba sauti ya Mama nayo imo sandukuni, imekunjwa pamoja na kanga.

Muttrah ya siku hizo, vijana wa leo hawangekaa hata siku moja. Taa ya umeme kichochoroni kwetu haikuwepo. Maji yaliletwa na punda, na ikiwa punda kaamka na hasira zake, mtaa mzima unachelewa kuoga. Tulicheza mdako kwa vijiwe mpaka vidole vikachubuka. Soko lilikuwa la vichochoro vya kivuli, na ukifumba macho ungeweza kujua uko wapi kwa pua tu: hapa ubani, hapa ndimu kavu, hapa papa, na hapa harakisha mwendo. Muziki wa hadharani haukuruhusiwa. Askari walipita sokoni wamesimamisha masikio kama paka, na soko lilijua kunyamaza.

Ila duka moja.

Bwana Khalfan alikuwa muuza vitambaa. Ujana wake wote aliumaliza Unguja, akarudi Oman kabla yetu, na Kiswahili chake kilikuwa bado kibichi. Alikuwa na tumbo kubwa na ngazi ndogo, na kila akipanda tulimwombea Mungu. Rafu ya chini kabisa, katikati ya majora ya bafta, ile nguo nyeupe ya pamba, alificha santuri ya kutia ufunguo. Sahani za nyimbo alikuja nazo tano. Nne alizikalia mwenyewe melini, zikavunjika. Ikabaki moja, kwa hiyo duka zima lilikuwa na nyimbo moja.

Zile bafta ziliumeza mlio wote. Ukisimama mlangoni husikii kitu, na ukitaka kusikia lazima uingie ndani, usogee, mkono wako ukiguse kitambaa. Lakini mwanamke wa heshima haingii dukani kusikiliza nyimbo. Huingia kununua. Basi ikazuka ada, sijui nani aliyeianzisha, ya kuomba jora la juu. Bwana Khalfan hutia ufunguo kwanza, akaweka sindano, ndipo akapanda ngazi. Nyimbo ile ilikuwa na urefu wa jora moja kamili: kulifikia, kuliteremsha, kulifunua, kulisifu, kulikunja na kulirudisha.

"Bwana Khalfan," Mama husema, "hebu tushushie lile la juu."

"Lipi, Bi Zuwena?"

"La kijani."

"La kijani ulilitazama Jumamosi."

"Jumamosi sikuliona vizuri."

"Macho ya watu wa siku hizi," hujibu akizungusha ufunguo, "yanataka mara tatu kwa wiki." Na hupanda. Sijapata kumwona akimnung'unikia mtu.

Nyimbo yenyewe ilikuwa ya mtu aliye mbali anayeuliza habari za kwao. Kiitikio chake kilisema hivi: *Nipe khabari za kwetu, hata moja yanitosha.* Lakini sahani ilikuwa na mkwaruzo, na sindano ikifika pale hukwama: *hata moja, hata moja, hata moja*, kisha hujinasua na kuendelea. Sisi watoto hatukujua kuwa ule ni ubovu. Tulidhani ndivyo mtungaji alivyotaka. Kila kichochoro cha Muttrah wasichana wakicheza mdako waliimba *hata moja* mara tatu, tena mpaka na wenzetu Waarabu na Mabulushi ambao Kiswahili chao chote kilikuwa ni hicho.

Mama alisikiliza na kunyamaza. Nilimtazama midomo kila mara, na midomo haikusogea.

Baba alikuwa hapendezwi. Sitoi fatwa hapa. Wanazuoni wamesema yao, na mimi mpaka leo ni mwanafunzi wao. Nnasimulia tu. Siku moja alisema akiwa anakula, "Duka la Bwana Khalfan lina vitambaa vizuri, ila vinapiga kelele."

"Havipigi kelele, Maalim," Mama akajibu. "Vinanong'ona."

"Siku askari akivisikia vinanong'ona, tutaelezana."

Nikaingiwa na khofu. Mle dukani ndimo mahala pekee ambapo uso wake ulilegea. Nilihesabu moyoni kwamba Baba akimkataza, basi hatotulia tena, na asipotulia hatoimba, na sanduku litakaa limefungwa mpaka Kiyama.

Ikaja siku Alasiri imepita, nyumbani chai haijatengenezwa, na sisi tuko kwenye jora la tatu. Bwana Khalfan yuko juu ya ngazi, amelikumbatia lile la kijani kwa mikono miwili, hawezi kushuka wala kujikuna. Sindano ikafika pale pake. *Hata moja, hata moja, hata moja.* Tukasubiri ijinasue. *Hata moja, hata moja.* Haikujinasua. Tena mlio wa kukwama ni mkavu, unagonga kama nyundo, na hata bafta zilishindwa kuumeza.

"Bi Zuwena," Bwana Khalfan akanong'ona toka juu, "iinue sindano. Iinue, watatusikia."

Mama akainama, akaiinua. Duka likawa kimya. Nami nikageuka nyuma, nikamwona Baba amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu, tasbihi imeganda kidoleni.

Mama hakumwona. Alikuwa bado ameinama, ameshika mkono wa santuri, na ubeti unaning'inia hewani bila ya mwisho wake. Mwimbaji, nadhani, hawezi kuuacha ubeti hivyo, kama mpishi asivyoweza kukiacha chungu kinafurika. Akaumalizia. *Yanitosha*, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya Unguja. Akaendelea na ubeti uliofuata, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi, mpaka ukaisha.

Aliponyanyuka akamwona Baba. Akavuta buibui usoni. "Nilikuwa nakuja, Maalim," akasema.

 Nilimtazama Baba uso nikangoja neno litakalotoka. Akavua viatu. Akaingia hatua moja, akakaa kwenye kizingiti, akatupa mgongo sisi na uso akauelekeza kichochoroni. Akakohoa kidogo.

"Bwana Khalfan," akasema, "hebu tushushie lile la juu."

Bwana Khalfan alikuwa bado ananing'inia. "La juu nnalo mkononi, Maalim."

"Basi lirudishe. Kisha ulishushe tena. Taratibu."

Mama akaifunika santuri. Kisha akaimba tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, santuri imelala. Alipofika penye mkwaruzo mimi nikamsaidia: *hata moja*, mara tatu, maana ndivyo nilivyoijua. Nikaona mabega ya Baba yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka. Akaendelea kulinda kichochoro na tasbihi yake, hakugeuka hata mara moja, mpaka jora likashuka, likasifiwa, likakunjwa na likapanda. Tulirudi nyumbani na dhiraa tatu za kijani. Baba alisema haifai kumchosha mtu bure.

Jioni ile Mama alivua ufunguo shingoni. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuchungulia. Ilitoka harufu ya karafuu na asumini kavu, zikatoka kanga, ikatoka sahani ya hina, vikatoka vikombe sita vya kahawa, kimoja kimevunjika sikio. Baba akachukua kile kilichovunjika, akasema, "Alhamdulillahi," akanyoosha mkono amiminiwe.

Tangu siku hiyo aliimba. Kwenye maulidi, kwenye harusi, kwenye kunisuka, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kumwomba apumzike. Na mwaka 1970, alipotawala Sultani mpya, mambo yakafunguka na redio zikaanza kusikika milangoni, Bwana Khalfan alifurahi akaitoa santuri kwenye bafta, akaiweka mbele ya duka. Baada ya wiki moja akairudisha ndani. "Watu wanasimama nje wanasikiliza bure," akamlalamikia Baba. "Hakuna anayeomba la juu. Mwili wangu unakufa kwa kukaa."

Miaka mingi baadaye, kwenye harusi moja huko Azaiba, mwimbaji wa kukodi aliiimba nyimbo ile vizuri kabisa, *hata moja* mara moja tu, kama ilivyotungwa. Nusu ya ukumbi ilikuwa bado iko kwenye ya tatu. Bibi mmoja wa rika langu akamwita yule mwimbaji akamwambia kwa upole, "Mwanangu, umeimba kasoro." Msichana maskini aliomba radhi.

Sasa, wajukuu zangu wana nyimbo elfu mfukoni, na muziki mwingine unawamwagikia toka darini, wala hakuna anayesimama. Siwalaumu. Aliyezaliwa mtoni hawezi kuota maji. Ila huwaonea huruma kidogo, maana hawajapata kuitaka nyimbo moja mpaka wakadanganya kwamba wanataka kitambaa. Siku ile ya Bausher nilimwingiza Thuraya kwenye duka la vitambaa, nikamwomba muuzaji anishushie jora la juu kabisa. Thuraya akachomoa vidude vyote viwili. "Bibi, hilo la kijani utalifanyia nini?"

"Kulitazama," nikamwambia. "Kaa hapa nikupe habari za kwetu." Na kwa sauti yangu hii ya uzee iliyobaki nusu, nikamwimbia sikioni. Pale penye mkwaruzo akacheka, akasema, "Bibi, mbona umekwama?" Lakini tulipokuwa garini tunarudi, vidude vilikuwa mapajani mwake, na nikamsikia anavumisha puani. Mara tatu, kama ipasavyo.

Mama na Baba wametangulia, na Bwana Khalfan pia. Sanduku liko chumbani kwangu. Ufunguo sijui ulipotelea wapi, na miaka yote hii hatujauhitaji.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akutulize popote ulipo, akufungulie kilichofungwa nyumbani mwako, na akuletee habari njema za wale uwapendao. Akikuletea hata moja, akupe na moyo wa kusema inatosha. Amin.