Mama Kiitikio na Binti wa Fundi Viatu

Walimu wenzake walimwita Mama Kiitikio, naye hakuchukia. Darasa lake la pili lilijaa watoto hadi mlangoni, na aliyepita nje angedhani kuna arusi. Yeye alianza neno, wao wakamalizia.

"Hiki ni kiko...?"

"Mbeee!"

"Tumeele...?"

"Waaa!"

Kwa miaka mingi kelele hizo zilimpa usingizi mnono. Darasa linaloitika, aliamini, ni darasa linalojua.

Siku moja akaja mshauri wa walimu, mwanamke ambaye angeweza kumzaa, akaketi nyuma kwenye kiti kibovu. Somo lilipokwisha aliomba ruhusa, akafungua ukurasa ambao darasa halijaufikia, akamwita mtoto mmoja asome. Mtoto akaangalia dari, akalitiririsha somo la jana lote, herufi haikubaki. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu akalia.

"Hawasomi, dada," mshauri alisema walipobaki wawili. "Wanatazama mdomo wako. Nusu ya jibu unawapa wewe."

"Sasa nifanyeje?"

"Wakae wawili wawili, mmoja asome, mwenzake afuatishe kwa kidole. Ukiuliza, muulize mmoja. Halafu nyamaza."

"Ninyamaze mpaka lini? Hawa watanigeuzia darasa soko!"

"Mpaka ukereke. Kisha subiri tena kidogo."

Mama Kiitikio alicheka, kisha akamkumbuka binti wa fundi viatu, aliyekuwa akirudia darasa. Baba yake alikwishasema waziwazi: siku ya wazazi asiposoma, anabaki nyumbani kulea mdogo wake, maana mama yao anafua nguo kwenye nyumba za watu na mtoto hana wa kumshika. "Mwaka wa pili huu anapasha dawati joto tu," alisema. Na mwalimu, ambaye kila siku alimsikia binti akiitika kwa sauti kuliko wote, alikuwa amemjibu kwa kujiamini, "Huyu anajua, ondoa shaka."

Kumbe hajui hata kidogo.

Ikawa mbio. Alimkalisha binti na msichana mmoja mwenye domo lakini mwenye subira, vidole vyao viwili vikitambaa chini ya mstari kama siafu. Swali likiulizwa, mwalimu alijiziba mdomo kwa mkono wenye chaki, midomo ikabaki myeupe, watoto wakachekea viganjani. Ule ukimya ulimchoma. Alihisi kila sekunde inamzomea. Lakini silabi zilianza kushikana, moja, nyingine, zikaachana, zikashikana tena. Usiku alilala macho wazi. Siku zilikuwa zinamkimbia.

Siku ya wazazi ikafika. Fundi viatu alisimama ukutani, mikono kifuani, gundi imemkaukia kwenye kucha. Binti akasimama na kitabu.

"Ma-ma," alisoma. "Mama..."

Akakwama. Kidole kilikuwa mahali pake, midomo ikicheza bila sauti. Mzazi mmoja akakohoa. Mwalimu mkuu akatazama saa. Baba akashusha pumzi. Mama Kiitikio akaona mtoto anamponyoka mbele ya macho yake, na ulimi ukamtoroka.

"Anafu...?"

"Aaa!" darasa zima likanguruma. "Anafua nguo!" Na binti, kwa furaha, akapaza sauti kuwashinda wote.

Fundi viatu akasogea, akainamia kitabu.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma. Lakini hapa pamechorwa mwanamke na mlango. Nguo ziko wapi?"

Hakungoja jibu. Alimshika binti mkono, wakaondoka.

Mama Kiitikio aliwaacha wazazi wameduwaa, akachukua kitabu, akawafuata. Aliwakuta kwenye kibanda cha viatu. Binti alikwishafungiwa mgongoni mdogo wake, aliyeshikwa na jirani kwa saa ile tu.

"Kaka yangu, nakuomba. Nimeharibu mimi, si yeye. Mpe mara moja tu."

"Usimsaidie."

"Sitafungua mdomo."

Akamfungulia kitabu. Binti akaweka kidole. Nyundo ikagonga kisigino, ikagonga tena, ikanyamaza. Mtoto mgongoni akavuta nywele za dada yake. Mwalimu aliuma mdomo hadi akaonja damu.

"Mama... a-na-fu... a-na-fu-nga... anafunga mlango," binti alisema. Kisha, bila kuambiwa, akashuka mstari wa chini. "Mvu-a... mvua i-na-ku-ja."

Machozi yalimtoka mwalimu. Fundi viatu akarudia kiatu chake.

"Vizuri. Amesoma. Si ndicho tulichotaka? Basi imetosha."

"Imetosha nini? Ndiyo kwanza anaanza!"

"Dada, mke wangu anatoka alfajiri. Huyu mdogo nimwachie nani, hizi sindano?"

Mama Kiitikio aliutazama ule mgongo mdogo uliolemewa, akasema lililomjia.

"Aje naye darasani."

"Na lile jeshi lako? Utaongeza na wa kubebwa?"

"Aje naye."

Fundi akamtazama kama anayepima soli iliyochakaa.

"Kesho tu. Mkimfukuza kwa ajili ya mtoto, simrudishi tena."

Mama Kiitikio akaitikia kwa kichwa. Akashika njia ya kurudi shuleni kumkabili mwalimu mkuu, ambaye hakuruhusu hata mzazi mwenye mtoto mchanga avuke kizingiti cha darasa.