Herufi ya Kichina Mkononi Mwangu

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningeona shimo ningejifukia mwenyewe, na yote yaliletwa na wivu, sina haja ya kuupamba.

Hapa Jeddah kwenye harusi za watu wetu, piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, nilikuwa napaka mimi, hadi alipokuja Salma kutoka Riyadh na bosi wake, madam wa Kichina, akaanza kuwachora maharusi herufi za Kichina alizofundishwa na huyo madam, eti hii furaha, hii mapenzi, na wateja wangu (hata jirani yangu niliyempaka bure!) wakamhamia yeye. Roho iliniuma, siwafichi. Basi Fatma anaolewa, akasema siku ya hina twende na mikono yetu tumeichora, aone nani atampaka.

Nami bafuni kwa madam wangu, mtaa wa Al-Safa, nikaona boksi la dawa ya ngozi kutoka China lina herufi moja kubwa nyekundu, inapendeza hasa, nikasema kitu kimeandikwa kwenye dawa kitakuwa na maana mbaya kweli? Nikainakili nyuma ya mkono wa kulia, kubwa, na ili iwe nyeusi kuliko za Salma nikazidisha rangi ya nywele kwenye piko (mimi, fundi mzima!). Kesho yake mkono unawasha, unavimba, nikaufunika kwa abaya nikaenda mtaa wa Bani Malik, kwenye hina ya Fatma.

Nikafunua mbele ya wanawake wote. Herufi ilikuwa imeinuka, mstari kwa mstari, imejaa maji.

Madam wa Kichina, naye kaalikwa, akainama kuitazama, akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, Salma akitafsiri: "Anasema huku nje ni ugonjwa, zamani walichora mtu kalala kitandani. Huku ndani ni kitu kilichofungwa, kama mtoto tumboni. Dada, umeandika lengelenge."

"Na limetoka kweli!" akapiga kelele mama Fatma, na Fatma akaficha mikono nyuma: "Mie naenda kwa mume, dada, siendi hospitali!" Walicheka mpaka wengine wakalia.

Mikono ya Fatma akapewa Salma. Mimi nikapewa kipande cha boksi nimpepee bibi harusi piko ikauke, kwa mkono wa kushoto. Wallahi sichori tena nisichokijua, na rangi ya nywele haigusi tena piko yangu. Ila niwaambie kweli, muda wote ule nilikuwa nakagua kila mstari wa Salma, namwomba Mungu akosee hata mmoja tu, na hakukosea, na hilo liliniuma kuliko mkono.